Gari Halina Macho

Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu Tabora kumsalimia bibi yake. Ana miaka minne na nusu. Amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye geti, na kazi kubwa ya geti hilo ni kumzuia yeye. Kwetu Cheyo hakuna habari hizo. Watoto wanaingia nyumba hii wanatokea ile, na msimu wa maembe ndiyo kabisa, huwaoni mpaka giza liingie na kila mama aanze kuita wa kwake. Mimi nimekua hivyo hivyo, kwa hiyo sikuona sababu ya kumfungia ndani.

Siku ya tatu, saa kumi alasiri, nikasikia breki. Si honi, breki. Ule mlio wa tairi na upepo unaokufanya usimame kabla hujajua umesimama kwa nini. Nilipofika barabarani lori lilikuwa limekaa mshazari, vumbi halijatua, na mwanangu amesimama mbele yake, hatua tatu tu, mkono juu. Anapunga. Anacheka.

Nilimvuta, nikamchapa, nikamkumbatia, nikalia, na sijui nini kilitangulia nini. Dereva alishuka, akachuchumaa karibu na tairi la mbele, akashika kichwa. Mtu mzima, ana mvi, naye hakuwa na neno. Nikamuuliza mtoto, ulikuwa unafanya nini? Akanijibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mwenzake jambo lililo wazi: "Mama, limeniona. Lilikuwa linakuja kunisalimia."

Limeniona. Tangu siku ile neno hilo halijanitoka. Hakusema "ameniona", yaani dereva. Lori lenyewe.

Sasa, simu nilimpa mimi. Tusizungushe. Nina kazi ya kuandika, nina mtoto mmoja, na kuna video za magari yanayoimba ambazo zinanipa dakika arobaini za utulivu kila jioni. Wazazi wenzangu mnazijua: basi la njano linalokonyeza, gari la zimamoto linaloogopa giza, katapila mpole, lori la taka lenye meno meupe kuliko ya kwangu. Yote yana macho. Yote yanakuona. Gari baya kabisa katika video hizo ni lile lenye kiburi, nalo likifika mwisho huomba msamaha.

Nilirudi kuangalia upya vitu nilivyovipita miaka mingi bila kuuliza. Filamu ya Cars ya Pixar, iliyotoka mwaka 2006, wengi tumeiona, kama si kwa hiari basi kwa shinikizo la mtoto. Kabla yake michoro mingi iliweka macho ya gari kwenye taa za mbele. Waliotengeneza Cars wakayaweka kwenye kioo cha mbele, kama ilivyokuwa kwenye katuni fupi ya Disney ya mwaka 1952 kuhusu kigari kidogo cha bluu kinachoitwa Susie. Uamuzi mdogo wa mchoraji, mtu anaweza kusema. Lakini hebu simama mbele ya gari lolote na uangalie: pale kwenye kioo ndipo anapokaa dereva. Macho ya gari yamewekwa mahali pa mtu, na mtu ameondolewa. Katika ulimwengu wa filamu ile hakuna binadamu hata mmoja. Kuna barabara, vituo vya mafuta, viwanja vya mashindano, mji mzima, na hakuna mkono uliojenga chochote.

Mwanangu alikuwa amejifunza vizuri kabisa kile alichofundishwa. Alitazama kioo cha lori akaona uso. Jua la saa kumi, kioo kinang'aa, dereva haonekani. Uso ukabaki wa lori.

Nilipomweleza mama yangu haya yote usiku ule, nikiwa nimeshafikia uamuzi wa kufuta kila kitu kwenye simu, alinisikiliza huku anachambua mchele. Akasema, "Wewe nimekulea kwa fisi na sungura. Fisi wangu alikuwa anasema, anaoa, anaenda harusini, anadaiwa. Mbona hukwenda kumsalimia fisi porini?"

Nilikosa jibu, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo si hali ya kawaida. Hoja yake ni nzito. Kupa kitu sauti si dhambi mpya iliyoletwa na intaneti. Katuni zinazotengenezwa hapa kwetu, kama Ubongo Kids iliyoanza mwaka 2014 na Akili and Me baada yake, zimejaa wanyama wanaozungumza, na sijasikia mtu mwenye akili timamu akilalamika. Hata macho kwenye chombo cha usafiri si mageni. Majahazi ya Lamu yana macho ya duara yaliyochongwa na kupakwa rangi kwenye omo, na mitepe ya zamani, ile iliyoshonwa kwa kamba bila msumari, ilikuwa nayo pia. Wazee wa pwani hawakuwa wajinga. Walijua ubao hauoni.

Nikalala na swali hilo. Ni kosa gani hasa, kama kosa lipo? Kama si kusema uongo (maana hadithi zote ni uongo wa namna hiyo, na msimuliaji na msikilizaji wanajua), ni nini?

Nadhani nimepata nusu ya jibu kwa kumrudia huyo huyo fisi. Fisi wa mama yangu alikuwa anasema, ndiyo, lakini kila alichokisema kilikuwa cha fisi. Alikuwa mlafi, mwongo, anakula mpaka anapasuka. Usingeweza kusikiliza hadithi kumi za fisi halafu ukadhani ni salama kumkaribia. Sauti ya mtu iliwekwa juu yake, tabia yake haikuondolewa. Macho ya jahazi nayo yalichongwa na watu waliojua bahari inaua, na waliopanda humo wenyewe. Yale macho ni dua ya mwenye hofu. Ila lori la kwenye video limepewa sauti na macho kisha likanyang'anywa ule ukweli mmoja ambao mtoto anauhitaji kuliko wote: kwamba ni tani kadhaa za chuma, linahitaji nafasi ndefu kusimama, na ndani yake kuna mtu ambaye huenda hakuoni.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo vya barabarani vya mwaka 2021 kuwa takriban milioni 1.19, na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Hakuna hadithi ya fisi iliyowahi kumtengeneza fisi wa kiwango hicho akawa rafiki.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika makala ya malezi, na za namna hiyo zipo za kutosha. Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Nilipokuwa najiandaa kuwashutumu wachora katuni, nikakumbuka kazi yangu mwenyewe.

Nimeandika habari za ajali kwa miaka tisa. Ninaijua sentensi yake kama ninavyojua sala: "Gari hilo liliacha njia na kupinduka." Mara ngapi? Sina hesabu. Gari liliacha njia. Gari lilishindwa kupanda mlima. Basi lilipoteza mwelekeo. Lori lilifeli breki. Pikipiki iliingia barabarani ghafla. Na mwisho kabisa, baada ya majina ya marehemu na hospitali walikopelekwa majeruhi: chanzo cha ajali ni mwendo kasi. Mwendo kasi wa nani? Hausemwi. Mwendo kasi nao umekuwa kiumbe, unatembea barabarani peke yake usiku unatafuta basi la kuingia.

Kuna mwanaisimu mmoja rafiki yangu ambaye nilimpigia simu nikiwa bado Tabora, akanicheka. Akasema Kiswahili kinaruhusu kitu chochote kuwa kiima. Tunasema mvua imeua, njaa imeua, mto umechukua watu, na hakuna anayedhani mto una nia. Sawa kabisa. Lakini mvua haina dereva. Mto hauna mmiliki anayempangia ratiba. Tunaposema mto umechukua mtu hatujamficha yeyote nyuma ya mto. Tunaposema basi liliacha njia, nyuma ya basi kuna foleni ya watu: aliyekuwa ameshika usukani, aliyemwambia asilale, aliyeona tairi limekwisha akasema litafika, aliyetakiwa kukagua akapokea alichopokea. Wote hao wanatoka mbio kwenye sentensi, na gari linabaki peke yake na macho yake makubwa.

Wakati mmoja, katika gazeti ambalo silitaji, niliandika kwamba dereva wa basi alikuwa ameendesha tangu alfajiri bila mwenzake wa kumpokea, na kwamba abiria wawili walionusurika walimwona akisinzia. Asubuhi yake habari ilitoka: gari liliacha njia. Nilikwenda kwa mhariri nikiwa nimevimba. Alinieleza kwa utulivu, na mpaka leo siwezi kusema alikosea. Dereva amekufa, hawezi kujitetea. Ana mke na watoto watakaoisoma habari hii. Mwenye basi ana mwanasheria. Abiria wawili si uchunguzi. "Gari halishtaki," akaniambia, "wala halina watoto." Basi gari likabeba.

Ndiyo maana nasema jambo hili lina pande mbili. Wakati mwingine tunampa gari roho kwa huruma, ili tusimuue marehemu mara ya pili. Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa kwa ajali ya gari, Januari 1979. Ndivyo tunavyosema kila tunapomtaja, na sentensi inaishia hapo, na labda inatosha, maana tunachotaka kulia ni gitaa lile na si kutafuta mshitakiwa. Msiba una haki yake. Shida ni pale huruma inapogeuka mazoea, na mazoea yakawa kinga ya watu ambao wala hawajafiwa.

Asubuhi iliyofuata mama yangu alinituma Kwihara kwa shughuli zake, na nikapitia kwenye lile tembe ambalo watalii wanakwenda kuliangalia. Kwa wasiojua: Stanley alifikia hapo mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone, na mwaka uliofuata alimwacha Livingstone hapo hapo akarudi pwani. Livingstone akakaa kuanzia Machi hadi Agosti 1872, anangoja. Angoja nini? Wapagazi. Alikaa kama tunavyokaa sisi gereji tukingoja kipuri kutoka Dar.

Tabora ni mji uliojengwa na usafiri, ila usafiri wenyewe ulikuwa mabega. Mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe na farasi na punda, kwa hiyo kutoka Bagamoyo mpaka hapa, na kutoka hapa mpaka Ujiji, pembe na nguo na shanga zilipita juu ya watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na safari ya pwani mpaka Unyanyembe ilichukua kama miezi mitatu. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hii na, tuwe wakweli, walijivunia. Kijana ambaye hajafika pwani alikuwa bado hajakua. Walipatana mshahara, waligoma, waliimba, walijua njia kuliko waliojiita wavumbuzi.

Lakini chukua vitabu vya hao wavumbuzi, kuanzia Burton aliyeingia hapa na Speke mwaka 1857, uone wapagazi wanavyoonekana humo. Wanahesabiwa kwa mizigo. Mzigo umepotea, mzigo umelowa, mizigo kadhaa imechelewa. Aliyetua mzigo wake akaondoka anaitwa mtoro. Majina machache yamebaki, kama Chuma na Susi, nao yamebaki kwa sababu mwaka 1873 mzigo waliokuwa wanaupeleka pwani, wakipita hapa hapa Unyanyembe, ulikuwa mwili wa Livingstone.

Halafu ikaja vita ya kwanza ya dunia, na malori ya wakati ule yakazama kwenye tope, na mbung'o wakaendelea na kazi yao. Waingereza peke yao inakadiriwa walitumia wapagazi kama milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, ni makumi ya maelfu. Tabora yenyewe ilichukuliwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo mnamo Septemba 1916, nalo lilikuja juu ya mabega vilevile. Babu yake mama alikuwa mmoja wa waliochukuliwa. Katika familia yetu hadithi yake yote ni kwamba alirudi na bega moja liko chini kuliko jingine. Kikosi kile kiliitwa kwa Kiingereza kikosi cha wabebaji, na jina lake likatafunwa midomoni mpaka likawa Kariakoo. Tunakwenda kununua vitunguu kwenye jina lao kila Jumamosi.

Nilikuwa nimesimama kwenye ua wa tembe, chini ya mwembe, nikiwaza haya, na ndipo akanijia Thomas. Yule kichwa cha treni cha bluu chenye uso wa kijivu. Mchungaji wa Kiingereza, Wilbert Awdry, alianza hadithi zile kumsimulia mwanawe mgonjwa wa surua wakati wa vita vya pili, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1945. Hadithi nzuri, mwanangu anazipenda. Ila angalia maadili yake: sifa kubwa kabisa ambayo injini inaweza kupewa na bosi mnene mwenye kofia ni kwamba ina manufaa. Katika kitabu kile cha kwanza kuna injini inayoitwa Henry. Inaogopa mvua itaharibu rangi yake, inakataa kutoka kwenye handaki. Wanaizibia humo kwa ukuta wa matofali. Watoto wa dunia nzima wamesoma hilo kabla ya kulala.

Mpagazi aliyetua mzigo aliitwa mtoro. Injini iliyogoma ikajengewa ukuta. Na ona mchezo ulivyogeuka: hapa kwetu watu wenye majina, mama zao na hofu zao waliandikwa kama magari; kule magari yakaandikwa kama watu, yakapewa majina, hofu, marafiki na siku ya kuzaliwa. Mwaka 2018 wakaongeza injini kutoka Kenya, ya rangi ya chungwa, mchangamfu kweli, inaitwa Nia. Nilipomwona mara ya kwanza nilifurahi, sitadanganya. Jina la Kiswahili kwenye skrini si jambo la kila siku. Sasa hivi nikimwona najiuliza mbona mwenzetu wa kwanza kupata uso kwenye reli zile ilibidi awe chuma.

Sisemi kwamba mchora katuni amemdharau babu yake mama. Hakumjua. Ninachosema ni kwamba uangalifu wetu una kiasi, na tukiutumia wote kwenye chombo, aliye ndani ya chombo, aliye chini ya chombo na aliye mbele ya chombo wanapata makombo.

Na tusijifanye hili ni la wazungu. Fungua Bongo Movie yoyote ya miaka ile ya DVD. Honi nje. Mlinzi anakimbia. Geti linafunguliwa lote, upande huu na upande huu. Gari linaingia taratibu, kamera inalifuata kutoka bampa mpaka taa za nyuma, kisha mlango unafunguka na kiatu kinashuka. Dakika nzima ya filamu. Mlinzi yule, aliyekimbia, hana jina. Mara nyingi hana hata neno zaidi ya "Karibu bosi". Mtazamaji akitoka kibandani anaweza kukutajia aina ya gari na mwaka wake.

Niliwahi kwenda kuandika habari ya utengenezaji wa video ya muziki, Dar, kwenye nyumba ya kukodi yenye bwawa la kukodi. Gari nalo lilikuwa la kukodi, kwa saa, na mwenye gari alikuja nalo akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni. Kila densa alipoegemea alikuwa anainuka. Kuna binti alikatazwa kukaa kwenye boneti kwa sababu suruali yake ya jinzi ilikuwa na vifungo vya chuma. Akapiga picha zote amesimama juani tangu saa nne. Saa nane akaanguka. Watu walimkimbilia, ni kweli, lakini nilichokiandika kwenye daftari langu wakati ule ni kwamba mtu wa kwanza kufika alikwenda kwanza kuangalia mlango alioangukia. Sikuiweka kwenye habari. Niliandika kuhusu gari. Wasomaji waliipenda.

Mara nyingi mjadala wetu unakwama kwenye swali la kama gari ni la msanii au amekodi, eti tunadanganywa. Mimi udanganyifu huo haunisumbui sana. Mchezo ni mchezo, na kila harusi ya Tabora ina suti ya kuazima.

Basi nilirudi Cheyo na shanga za mawazo bila uzi. Nilikuwa nimeazimia mambo mawili. La kwanza, la kazini: kuanzia sasa nikiandika ajali nitaandika kwanza mtu. Dereva aliendesha. Mmiliki alipanga. Na kama sijui, nitaandika kwamba polisi hawajasema nani alikuwa anaendesha, badala ya kuliacha gari lijiendeshe. Nimejaribu mara mbili tangu nirudi. Mara ya kwanza ilipita, mara ya pili ikabadilishwa. Nitaendelea.

La pili lilikuwa la simu, na hapo ndipo nilipokwama, maana mama yangu hakuafiki. "Ukimnyima atatazama kwa jirani," alisema. "Na huko hatakuwepo wa kumwambia."

Tulikuwa bado tunabishana, yeye jikoni mimi mlangoni, ndipo hodi ikapigwa. Ni yule dereva. Amevaa shati safi, ameshika mfuko wa biskuti. Lori ameliegesha kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba za jirani, limezimwa.

"Shikamoo mama," akamwambia mama yangu.

"Marahaba baba. Karibu."

Hakutaka kukaa. Alisema jana hakulala. Alisema ana wajukuu. "Dada," akanigeukia, "mimi nilisimama kwa bahati. Nilikuwa napunguza kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa upande wa pili. Mtoto wako sikumwona. Nilimwona alipoinua mkono, nikaona vidole tu. Naomba nimwonyeshe kitu, ukiniruhusu."

Nikamruhusu, sijui kwa nini haraka vile. Tukaenda wote, mama yangu na kanga yake begani. Dereva akambeba binti yangu akampandisha mpaka kwenye kiti, akamsimamisha pale, akamshika kiuno. Mtoto akashika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha isiyo na mfano. Nilimsikia anauliza macho yake yako wapi.

"Subiri," dereva akasema. "Mama yako ataenda kusimama pale ulipokuwa umesimama jana. Halafu atakuwa mfupi kama wewe. Sawa? Uniambie unamwona."

Nikaenda mbele ya lori. Ukiwa karibu hivyo, bampa liko usawa wa uso wa mtoto, lina joto na harufu ya dizeli na wadudu waliokauka. Nilimwangalia mwanangu juu kule nyuma ya kioo, akanipungia. Nikapiga magoti. Kioo kikapotea, ikabaki namba ya gari na anga.

Kimya. Kisha nikasikia sauti yake kutoka juu, kupitia dirisha lililo wazi, kwanza anacheka, halafu hachekI tena.

"Bibi," anaita, "mama ameenda wapi?"